Masanduku ya Bendi ya Reli

Mwisho wa korido ya chini ya chuo cha muziki, ukishapita chumba cha piano mbovu, kulikuwa na maktaba yenye meza moja, ngazi moja na mwanamke mmoja. Chuo kizima kilimwita Bi Kadi, kwa kuwa kila kilichopita mikononi mwake alikiandikia kadi ndogo nyeupe: jina la wimbo, mtunzi, ala, idadi ya kurasa, hali ya karatasi. Kompyuta ilipoletwa aliipokea vizuri tu, akajifunza mpaka akawa anawafundisha wengine. Ila kadi hakuziacha. Alisema umeme hauna adabu, unaondoka bila kuaga.

Bi Kadi alikuwa pia katibu wa chama cha taifa cha maktaba za muziki. Ukilisikia jina hilo utadhani ni jumba la ghorofa saba lenye mlinzi getini. Kumbe ofisi ya chama ilikuwa droo ya pili ya meza yake. Mhuri ulikaa humo. Kidau cha wino wa mhuri kilikaa kwa mweka hazina, ng'ambo ya mji, kwa sababu katiba ya chama ilikataza vitu hivyo viwili kulala mahali pamoja.

Wanachama walikuwa kumi na mmoja: redio ya taifa, makumbusho, bendi ya polisi, kwaya mbili kubwa, vyuo na shule zenye makabati ya noti za muziki. Kwa miaka tisa Bi Kadi alikuwa akiwabembeleza wamletee orodha ya walivyo navyo, ili itengenezwe Orodha ya Pamoja, mtu akitafuta wimbo ajue uko kabati gani na katika mji gani. Aliwatumia fomu yenye mistari iliyonyooka. Redio ilijibu, "Kanda: nyingi." Bendi ya polisi ilijibu, "Makabati manne, moja halifunguki." Mkuu wa kwaya mmoja, kwenye sehemu ya hali ya nakala, aliandika, "Hatujambo, tunamshukuru Mungu." Bi Kadi aliyasoma hayo yote akiwa amekunja uso, kisha akaandika barua nyingine za kukumbusha, na nyingine za kukumbushia kukumbusha.

Basi Jumatatu moja asubuhi, alikuwa juu ya ngazi simu ilipolia. Aliyepiga simu alikuwa baba yake mdogo, mzee aliyepuliza klarineti katika bendi ya reli kwa miaka ishirini na sita, mpaka bendi ilipovunjwa. Alikuwa amekwenda karakana ya reli kumsalimia fundi, rafiki yake wa zamani.

"Mwanangu," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyepanda mlima, "wanatoa noti zetu nje. Masanduku yote. Wanasema stoo inageuzwa chumba cha mikutano."

"Wanayapeleka wapi, Baba?"

"Wanayapanga ukutani, pale kwenye matangi. Nimeuliza, nimeambiwa ni taka."

Bi Kadi alishuka ngazi. Noti za bendi ya reli alikuwa akisikia habari zake tangu utoto, na kwenye Orodha ya Pamoja alikuwa amezitengea nafasi yenye alama ya kuuliza, maana hakuna aliyewahi kujua zilikofungiwa. Alifunga maktaba, akapanda pikipiki, akaenda.

Aliyakuta masanduku arobaini na sita ya mbao, yenye vishikio vya chuma, yamepangwa kando ya matangi ya mafuta. La juu lilikuwa wazi. Alichungulia akaona kurasa zimefungwa kwa kamba, kila fungu na ala yake: tarumbeta ya kwanza, tarumbeta ya pili, tromboni, ngoma. Muziki wa bendi ndivyo ulivyo, kila mpigaji ana karatasi yake, na wimbo haujakamilika mpaka karatasi zote ziwepo. Ikikosekana moja tu, umebaki na kitu kama gari lisilo na gurudumu.

Mtunza stoo alitoka akiwa na kikombe cha chai. Alikuwa mtu mpole, wa makamo, mwenye sweta la kijivu lenye funguo nyingi mfukoni.

"Karibu, dada. Nikusaidie nini?"

Bi Kadi alijieleza kwa kirefu, chuo, chama, Orodha ya Pamoja. Mtunza stoo alisikiliza yote akitikisa kichwa.

"Mimi sina kinyongo," alisema. "Chukueni. Niletee barua ya chama tu, yenye mhuri na saini ya mwenyekiti. Mali ya shirika haitoki mkono mtupu."

"Kaka, si umesema ni taka?"

"Ni taka, ndiyo. Lakini ukizichukua wewe unazitaka, na kitu kinachotakiwa ni mali. Mali ina barua." Alikunywa chai kidogo. "Gari la taka linakuja keshokutwa."

Mwenyekiti wa chama alikuwa mhadhiri mashuhuri, mtu wa tai na maneno laini, na wiki hiyo alikuwa ng'ambo, kwenye mkutano wa dunia wa maktaba za muziki. Alikuwa akitoa mada juu ya kuokoa urithi wa muziki kabla haujapotea. Bi Kadi alijua hivyo kwa sababu mada yenyewe aliichapa yeye. Alimwandikia ujumbe kwa simu, akaeleza yote, akaomba saini. Jibu lilifika baada ya saa sita.

"Bi Katibu, jambo hili lina uzito wake. Liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho."

Bi Kadi aliandika, "Mwenyekiti, gari la taka linakuja keshokutwa."

"Naelewa. Ila katiba haitambui saini ya simu. Muone makamu."

Makamu alikuwa kiongozi wa bendi ya polisi. Alimpokea vizuri, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akafungua katiba ya chama ambayo Bi Kadi mwenyewe alikuwa ameisambaza.

"Ningesaini sasa hivi, wallahi," alisema. "Lakini soma hapa. Makamu atasaini ikiwa mwenyekiti amesafiri kwa ruhusa ya kamati. Je, kamati ilimpa ruhusa?"

"Kamati haijakaa tangu mwaka jana, Afande. Wajumbe hawatimii."

"Umeona? Basi kikatiba, mwenyekiti hajasafiri. Yupo."

Bi Kadi alimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alitoka pale akajaribu njia ya tatu: alimwendea mkuu wa chuo, akapata barua nzuri yenye nembo ya rangi. Jumatano asubuhi alimpelekea mtunza stoo, ambaye aliisoma mara mbili, akamrudishia.

"Hii ya chuo. Wewe uliniambia chama."

"Kaka, chuo ni mwanachama wa chama!"

"Na mimi ni mwanachama wa kanisa, dada, lakini siwezi kusaini kwa niaba ya askofu."

Wakati wanabishana mvua ilianza kunyesha. Bi Kadi aligeuka kuyatazama masanduku, akaona safu imepungua. Aliyahesabu, akarudia. Yalikuwa ishirini na tisa.

"Mengine yako wapi?"

"Gari lilikuja jana badala ya leo," alisema mtunza stoo, na kwa mara ya kwanza aliona haya kidogo. "Lilijaa. Linarudi saa nane kumalizia."

Bi Kadi aliweka mkoba chini kwenye matope, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani. Hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Na hilo gari la taka, lenyewe lina barua ya nani?"

"Aa, lenyewe halina barua. Lina fomu."

"Fomu ipi?"

"Ya kuzoa taka. Mtu yeyote mwenye gari anajaza." Mtunza stoo akamtazama, akaitazama mvua, akaweka kikombe chini. "Dada, mbona hukuniuliza tangu Jumatatu?"

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Jina la mzoaji, namba ya gari, aina ya taka. Hapo Bi Kadi aliandika "karatasi." Chini kabisa palikuwa na kiapo: "Nathibitisha kuwa taka hizi zitateketezwa na hazitatumika tena." Ndipo mkono ulipomgoma. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuandika uongo kwenye fomu. Hata umri wake aliutaja bila kupunguza. Mtunza stoo aligeuza uso akajifanya anatafuta ufunguo. Bi Kadi alisaini, akampigia simu mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa friji, mwenye pikapu kuukuu ya kubebea mizigo ya wateja. Alifika akiwa na turubai, akaona masanduku, akamwona mkewe ameloa chepechepe.

"Mama watoto, umehamishwa idara? Sasa unazoa taka?"

"Baba watoto, pakia. Utacheka nyumbani."

Walipakia safari mbili. Saa nane kasoro gari la taka lilipofika, palibaki alama za masanduku kwenye matope tu.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu, na kwa majuma manne sebule ilikuwa si sebule tena. Masanduku yalipanda mpaka dirishani. Kurasa zilizolowa zilitundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kuanzia mlango wa jikoni mpaka kwenye televisheni, na mtu akitaka kupita ilibidi ainame kama anayeingia chini ya chandarua. Fundi alileta feni mbili za friji akazifunga ukutani. Alilalamika kila siku, akazitia mafuta kila siku.

"Wageni wakija tuwaketishe wapi?" aliuliza.

"Kwenye tromboni," alijibu Bi Kadi. "Sanduku hilo limekauka."

Baba mdogo alikuja kila asubuhi, akiwa na miwani na mfuko wa karanga. Yeye ndiye aliyejua kipi kinakwenda na kipi, kwa maana kurasa nyingi zilikuwa zimepoteza majina. Aliishika karatasi mbali na macho, akavuma kidogo puani, kisha akasema, "Hii tuliipiga wakifungua daraja," na kuiweka kwenye fungu lake. Pembezoni wapigaji walikuwa wameandika kwa penseli: "pumua hapa", "mwangalie bwana mkubwa", "usikimbie, umechoka?" Hayo nayo Bi Kadi aliyaandika kwenye kadi. Siku moja mzee alikutana na mwandiko wake mwenyewe, maneno mawili, "njaa inauma", akacheka mpaka akavua miwani. Baadaye aliirudia kuisoma karatasi hiyo, karanga zimo mkononi haziliwi.

Kazi iliposhika kasi hasira ya Bi Kadi nayo ilikua, maana sasa alijua kilichokwenda na yale masanduku kumi na saba. Katika nyimbo mia mbili na kumi na nne walizozitambua, zilizokamilika zilikuwa sitini na mbili. Nyingine zilikuwa na ngoma bila tarumbeta, au tarumbeta bila mtu wa kumfuata. Kila alipoandika neno "pungufu" kwenye kadi, alikumbuka Jumatatu ile, na Jumanne, na saa sita za kungoja jibu la simu. Angeuliza habari ya fomu siku ya kwanza, yote yangekuwa hapa. Nani angefikiri kuuliza, lakini? Alijilaumu, akamlaumu mwenyekiti, akamlaumu makamu, akarudi tena kujilaumu.

Mwenyekiti aliporudi, kikao kiliitishwa. Saba walihitajika na saba walikuja, ajabu ya mwaka. Walikaa maktabani wakizunguka ile meza moja. Bi Kadi aliweka mbele yao kadi mia mbili na kumi na nne, akaomba jambo dogo tu: mkusanyo wa bendi ya reli uingizwe kwenye Orodha ya Pamoja, na chama kiutafutie kabati.

Mwenyekiti alimsifu kwa muda mrefu. Alimwita nguzo. Kisha akakohoa.

"Sasa, Bi Katibu, hati ya kuupokea mkusanyo iko wapi?"

"Hakuna hati. Kuna fomu." Alimpa nakala.

Mwenyekiti aliisoma, akampa makamu, makamu akampa mweka hazina.

"Hapa inasema vitu hivi vimeteketezwa," alisema mwenyekiti kwa upole. "Na saini ni yako."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kisheria, havipo."

"Mwenyekiti, vipo sebuleni kwangu. Jana nimejikwaa kwenye kimoja."

Wawili walicheka. Mwenyekiti hakucheka. "Tukiviingiza kwenye Orodha, shirika litauliza mbona taka zilizoteketezwa zina namba za maktaba. Wewe ndiye utakayeulizwa kwanza, na mimi sitaki uumie. Napendekeza tuunde kamati ndogo ilitazame jambo hili bila haraka."

Bi Kadi alisimama, ingawa katibu huandika akiwa amekaa.

"Bila haraka," alisema. "Masanduku kumi na saba yameondoka bila haraka yetu. Nilipoomba saini, mwenyekiti hayupo. Nilipomwendea makamu, mwenyekiti yupo. Nimeambiwa nilete barua ya chama kizima nipate karatasi zilizotupwa, na mtu wa gari la taka hakuulizwa hata jina la baba yake. Sisi ni chama cha maktaba za muziki. Kama hatuwezi kuokota muziki uliotupwa barabarani, basi tunakutana hapa kufanya nini, kunywa chai?"

Mweka hazina alitazama kikombe chake. Makamu alisema polepole kwamba Bi Katibu ana hoja, ila hoja ingewasilishwa kwa maandishi. Kamati ndogo ikaundwa, ya watu watatu. Mwenyekiti alimwomba Bi Kadi aandike hilo kwenye muhtasari wa kikao.

"Andikeni nyie," alisema. Akauweka mhuri mezani, akakusanya kadi zake, akawaomba watoke kwa kuwa maktaba ilikuwa inafungwa saa kumi.

Ukatibu ukaishia hapo. Mumewe alidhani sasa atapata sebule yake, lakini wapi. Bi Kadi aliendelea na orodha kwa jina lake mwenyewe, mtu binafsi, nyumbani kwake. Alipomaliza aliichapa, akaipeleka kwa posta kwa wale wanachama kumi na mmoja, si kama katibu, bali kama mtu mwenye noti na anwani. Kamati ndogo haikukaa hata mara moja. Makumbusho hawakujibu, redio hawakujibu. Mkuu wa kwaya alimshukuru Mungu.

Aliyejibu ni makamu, kiongozi wa bendi ya polisi, mwaka uliofuata. Aliandika barua kwa mkono, bila katiba. Alisema kuna walzi moja, muziki wa dansi wa mapigo matatu, kwenye orodha, namba themanini na nane, ambayo mwalimu wake alikuwa akiisifu, na yeye hajawahi kuipiga. Angeomba kuiazima. Mwisho aliongeza, "Na unisamehe kwa siku ile."

Bi Kadi aliisoma barua akiwa amesimama, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku. Namba themanini na nane ilikuwa na karatasi zote isipokuwa tarumbeta ya pili. Alijua hivyo kabla hajafungua, kwa kuwa kadi aliiandika yeye, lakini alifungua hata hivyo na kuzipitia karatasi zote, kisha akazipitia tena. Aliketi juu ya sanduku la tromboni akapiga paja kwa hasira. Mtu mmoja katika nchi nzima ameomba kitu, na kitu chenyewe ni kilema.

"Tarumbeta ya pili alikaa nyuma yangu," alisema baba mdogo. "Miaka kumi na minne kanipulizia kisogoni. Andika, nikuimbie."

Walifanya kazi hiyo siku tatu. Mzee aliimba kwa midomo, akigonga goti, na Bi Kadi alichora noti kwa penseli. Mara nyingi mzee alikuwa na hakika, na walipolinganisha na karatasi za wengine, sauti zilikaa mahali pake vizuri kabisa. Lakini katikati ya walzi palikuwa na sehemu ya vipimo, yaani vyumba vya noti, kumi na viwili, hapo klarineti inapopanda juu na kukimbia peke yake, na kila walipofika hapo mzee alinyamaza.

"Hapa sikumsikia," alisema. "Hapa nilikuwa napiga mimi."

"Jaribu tena, Baba."

Alijaribu. Alifumba macho, vidole vikacheza hewani juu ya klarineti isiyokuwepo, na kilichomtoka mdomoni kilikuwa sauti yake mwenyewe ya zamani. Alifumbua macho, amekasirika.

"Andika kimya. Labda alikuwa anapumzika."

"Na kama hakuwa anapumzika?"

"Basi tunga wewe kitu. Afande atajuaje?"

"Sitaki kumtungia mtu noti, Baba."

"Haya, unataka nini? Mwenyewe alishakufa, karatasi yake wamechoma, na mimi ndiyo hivyo."

Bi Kadi alichukua rula akachora vipimo kumi na viwili vitupu, bila noti na bila alama ya kimya, na juu yake akaandika kwa penseli, herufi ndogo, "Hapa hatujui." Hakupendezwa nayo. Aliifuta, akaitazama nafasi iliyobaki, akaiandika tena vilevile. Kisha akatia karatasi zote kwenye bahasha kubwa, akavaa viatu, akatoka kuwahi posta, na baba yake mdogo akamfuata nyuma hadi mlangoni akisema kwamba ile sehemu ya mwisho nayo angeirudia kidogo, hana hakika nayo sana.